Viti Alivyovitunza Mjomba Pius

Juzi nilikwenda kuchukua gari langu la kwanza. Ni gari lililotumika, dogo, la kawaida kabisa, la kunipeleka kazini na sokoni. Kijana aliyenikabidhi funguo alifungua mlango wa dereva, joto likanipiga usoni likiwa na harufu ya plastiki iliyopikwa na jua, na chini yake, kwa mbali, uvundo. Viti vilikuwa vimevikwa nailoni. “Dada, hiyo usije ukaitoa,” akaniambia. “Ukiiacha, kiti kinabaki kipya miaka yote.” Nilicheka mpaka watu wa pale wakageuka. Kisha nikaikamata nailoni pindoni nikaichana palepale, kutoka kwenye kichwa cha kiti mpaka chini, na yule kijana akabaki ameshika kiuno. Nilitamani kumweleza, lakini ningeanzia wapi? Ningelazimika kuanzia kwa Mjomba Pius, na ukianza habari za Mjomba Pius huwezi kuzimaliza umesimama.

Mliokua wakati mmoja nami mtanielewa haraka. Mnaikumbuka rimoti iliyofungwa kwenye nailoni na kubanwa kwa mpira, mpaka namba zikawa hazisomeki na ukawa unabonyeza kwa kubahatisha. Mnayakumbuka makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, ambavyo mama zetu walitukimbiza navyo kila vilipoanguka. Mnazikumbuka bilauri za kwenye kabati la kioo, zilizokuwa zinamsubiri mgeni ambaye hakuna aliyewahi kutosha kuwa yeye. Kwetu kitu kizuri kilikuwa hakitumiki, kinatunzwa. Mjomba Pius aliuchukua ugonjwa huo wa nyumba nzima akauingiza kwenye gari la mbio.

Alikuwa mdogo wake Mama, kitinda mimba wao, fundi umeme kiwandani, na alikaa chumba cha uani nyumbani kwetu Kilakala, Morogoro. Gari alilinunua kwa mhadhiri mmoja aliyekuwa anahama mji. Lilikuwa jekundu, lina milango miwili tu, na lilikuwa chini kiasi kwamba mbuzi wa jirani aliweza kuchungulia dirishani bila kuinua shingo. Lilipokuwa linapanda kilima kuja kwetu tulilisikia kabla hatujaliona, mngurumo mzito unaotetemesha vyombo kabatini, nasi watoto tukaacha kila tulichokuwa tunafanya na kukimbilia barabarani. Ninavyoandika hivi moyo unanienda mbio kama siku zile. Nyuma kulikuwa na kijikiti ambacho mtu mzima hawezi kukalia bila kukunja magoti yamfike kidevuni, kwa hiyo kilikuwa changu, mimi Rozi, na mtoto mwingine yeyote wa mtaa akitaka kukikalia ilikuwa lazima aniombe.

Lakini kilichomtia Mjomba wazimu si injini, ni viti. Viti vya mbele vilikuwa vimejikunja pembeni ili vikukumbatie mbavu, na katikati, mgongoni na hata kwenye kijikiti changu kulikuwa na kitambaa cha michoro ambacho sijakiona tena mahali popote: mandhari nyeusi, juu yake mistari myekundu, ya bluu na myeupe, inakwenda, inakatika, inapindana, inapotea chini ya mapaja yako. Mjomba alikuwa akiwaeleza wageni kwamba ngozi huunguza mtu juani na hupasuka, ila kitambaa kama hiki kimefumwa kwa ajili ya watu wa mashindano, kina vinyweleo vidogo vya kushika nguo, ili dereva asiteleze anapokata kona. “Kinakushika,” alikuwa akisema, na kukipapasa kwa mgongo wa mkono. Halafu, ili kitu hicho cha kushika watu kisichakae, alimwendea fundi wa makochi kule Mji Mpya, akamwambia ashone juu yake nailoni nene inayoonyesha, ile ya kutandika mezani, na aibane kila upande isiingie hata vumbi.

Fundi alishona kweli. Ukikaa, nailoni inalia. Ukikata kona, unateleza mpaka mlangoni. Mchana wa jua mapaja yananata, na ukishuka unasikia ngozi ikibanduka taratibu, na maumivu yake unayameza kwa sababu ukilalamika hupandi tena. Sheria zilikuwa nyingi: karanga marufuku, maembe marufuku, viatu vinakung’utwa kwanza nje, na mwenye nguo mbichi atatembea kwa miguu hata kama anaumwa. Nilizishika sheria zote kwa moyo wangu wote. Nilijiona mlinzi wa mali ya serikali.

Sasa niwaambie nilichokuwa naamini, na msinicheke sana. Niliamini ile mistari ni ramani. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na ukutani kwetu kulikuwa na ramani ya Tanzania yenye barabara nyekundu na mito ya bluu, kwa hiyo nilipoona mistari ya rangi zilezile kwenye mgongo wa kiti cha mbele, mbele ya macho yangu kabisa, sikuhitaji kumuuliza mtu. Nilijua kwamba hivyo ndivyo magari ya mbio yanavyofahamu njia. Nilikuwa naifuata kwa kidole juu ya nailoni: huu mwekundu mnene ni wa kwenda Dar, hapa unapokatika ni Mikese, pale tuliposimama Mjomba akanunua mkaa kisha akakataa kuupakia. Huu wa bluu unaozunguka ni wa kwenda milimani. Na lile doa jeupe karibu na mshono, pale juu, ni Matombo, kwao Anti Felista.

Anti Felista alikuwa anafundisha shule moja na Mama. Alikuwa na kicheko cha kutoka tumboni, alikuwa akiendesha baiskeli na sketi yake ndefu, na Mjomba Pius alipomwona kwa mara ya kwanza uani kwetu aliunguza kidole kwa chuma cha kuchomelea waya. Nilimpenda kabla Mjomba hajajua kwamba anampenda. Siku ya kwanza kupanda gari, aliigusa nailoni kwa kucha akauliza viti vile anatunziwa nani. Mjomba akamjibu, na sauti yake ilikuwa na mkwaruzo: “Wewe. Siku ya harusi yetu nailoni inatoka, na wa kwanza kukikalia kitambaa ni wewe.” Mama alikuwa anaanika nguo, akageukia ukutani ili asionekane anacheka. Mimi niliona hakuna neno zuri kuliko hilo duniani. Jioni hiyohiyo nilianza kufanya mazoezi ya kutembea polepole na maua, kwa sababu nilikuwa nimekwisha ahidiwa kuyabeba kanisani, na niliitaka hiyo harusi kuliko nilivyotaka kwenda darasa la pili.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kwenye ndoa neno la mwisho si la baba, ni la mjomba. Baba na mama yake Felista walikuwa hawana neno. Aliyebaki ni mjomba wake, Mzee Mkude, mkulima wa mdalasini na pilipili manga huko Matombo, mtu mfupi, mkavu, mwenye mashamba yanayoning’inia kwenye mteremko na majivuno yanayozidi mashamba. Alikubali kushuka mjini Jumamosi aje amwone mposaji. Alikuja na mkungu wa ndizi na suti yake ya kaunda ya kijivu hafifu, imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Nilimwamkia shikamoo babu, akaniitikia marahaba bila kunitazama, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye gari.

Alilala kwetu, akala vizuri, akauliza maswali machache kuhusu kazi na kusali. Asubuhi akasema hatarudi kwa gari la abiria. Atarudi na lile jekundu, na kijana mwenyewe aendeshe, afike Matombo watu wakiwa wanatoka misa. Alikuwa ameshatuma salamu kijijini. Mjomba Pius alifurahi hadi akasahau kunywa chai. Mimi nikapachikwa nyuma kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuenea, na Anti Felista akabaki akitupungia mkono, huku mkono mwingine ameuweka mdomoni.

Safari ile! Lami ilipoisha tukaingia kwenye vumbi, tukapita Kiroka, tukapanda na kushuka, mawe yakigonga chini ya gari na Mjomba akijikunja kwa kila jiwe kana kwamba limempiga yeye. Kushoto kulikuwa na mabonde ya migomba, kulia milima imevaa mawingu. Kila penye nyumba watoto walitukimbilia wakipiga kelele, nami niliwapungia kwa heshima zote za mke wa balozi. Mbele yangu Mzee Mkude alikuwa anateleza. Kona ya kulia anakwenda mlangoni, kona ya kushoto anarudi kwa Mjomba, na nailoni inalia kila mara. Madirisha yalikuwa yamefungwa, kwa sababu Mjomba hakutaka vumbi liingie. Jasho lilianza kumtiririka mzee shingoni tukiwa hata Mkuyuni hatujafika, likaingia kwenye kola, likapotea, na mimi kwa ujinga wangu sikujiuliza linakwenda wapi. Mzee hakulalamika. Nilifikiri anafurahia.

Tulifika wakati ule hasa alioutaka. Misa ilikuwa imetoka, watu wamejaa njiani na nguo zao nzuri, wanakwaya, akina mama wenye khanga mpya, vijana, wazee wenzake. Gari lilisimama likanguruma mara moja zaidi, maana Mjomba naye alikuwa na maringo yake. Watu wakasogea. Mnajua namna mtu mzima anavyotoka kwenye gari la chini: hatoki kwa uso. Mzee Mkude aligeuka, akashika mlango kwa mikono miwili, akajisukuma nje kinyumenyume, na kilichotangulia kuonwa na Matombo nzima ni makalio ya suti ya kaunda ya kijivu hafifu, yamelowa chapachapa, duara kubwa la maji lililokolea kuanzia kiunoni mpaka nyuma ya magoti.

Kwanza watu walitazamana. Halafu mama mmoja, kwa sauti ya kumwonea huruma kabisa, akasema njia ni mbovu, mzee wa watu amezidiwa. Hapo kicheko kikalipuka, kikaenda mpaka kwa wanakwaya. Mzee alivua kofia yake akaziba nayo nyuma na kuondoka, anatembea kwa hatua fupifupi, hakuaga. Mjomba Pius alikuwa amesimama na mkungu mdogo wa ndizi aliopewa na mtu, hajui auweke wapi kwa sababu ndani ya gari ndizi zilikuwa marufuku.

Jumanne salamu zikafika kwa mdomo wa binamu yake Felista: mzee amesema harusi hakuna, na kijana asipoteze mafuta yake kupanda tena mlima. Mama alikaa chini. Mimi nilikwenda chumbani nikaanza kulia kwenye mto, na sioni haya kusema kwamba nusu ya kilio kilikuwa cha maua. Mjomba Pius alizunguka uani akipanga mambo: atapeleka mbuzi, atapeleka kitambaa cha suti mpya, atamtafuta katekista aende kumwombea msamaha. Alizungumza kila kitu isipokuwa nailoni.

Anti Felista akaja jioni, baiskeli akaitupa getini. Sikuwahi kumwona hana kicheko. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari akaweka mkasi juu ya boneti, mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, akasema kwa sauti ya chini ambayo tuliisikia sote: “Pius, mwaka mzima unaniambia unanitunzia viti. Sasa nijibu mimi. Ukishanioa, na mimi utanivika nailoni?”

Mjomba aliutazama mkasi. Alijaribu kusema kwamba kitambaa kile hakipatikani tena, kwamba kikichanika ndiyo basi, kwamba alikuwa anangoja siku yenyewe. Felista hakuuchukua mkasi. Alisimama tu. Mwishoni Mjomba akauchukua mwenyewe, akainama ndani ya gari, na tukasikia nailoni ikichanika, sauti ndefu iliyonisisimua mgongo.

Ikafuata harufu. Mliowahi kusahau nguo mbichi kwenye ndoo siku tatu mnaijua, zidisheni. Jasho letu lote la mwaka mzima, mvuke wote wa masika ya Morogoro, vilikuwa vimeingia kwenye tundu za mshono na kukosa pa kutokea. Ile michoro niliyokuwa naiona kwa ukungu wa nailoni nikidhani ni nailoni imechakaa, kumbe ukungu ulikuwa kwenye kitambaa chenyewe: madoa meupe, madoa ya kijani, manyoya kabisa. Kwenye kiti cha abiria, pembeni, nyuzi zilikuwa zimeoza na sponji linachungulia. Mjomba aliketi chini kwenye mchanga. Mtu aliyekuwa hataki hata pumzi yetu iguse vile viti alikuwa amevizika hai.

Mimi nilikuwa natafuta kitu kingine. Nilipenya nyuma, nikaangalia mgongo wa kiti pale juu karibu na mshono, na pale nilipokuwa nimepaweka Matombo palikuwa pamefunikwa pote na ukungu. Niliangua kilio cha kutisha. Nikapiga kelele kwamba njia imefutika, gari halitaweza kufika tena kwa babu, na harusi ndiyo imekufa kweli. Ilibidi nieleze yote, mto wa bluu na barabara ya Mikese, huku kamasi zinanitoka. Mama ndiye aliyeanza kucheka, akafuata Felista, na kile kicheko cha tumboni kilipotoka, hata Mjomba pale chini akainua uso. Felista akanipangusa akasema basi tuisafishe hiyo ramani, haraka, kabla gari halijasahau njia.

Na tukaisafisha, jamani! Siku zile nazikumbuka kama sikukuu. Mjomba alifungua bolti, akavitoa viti vyote nje, tukavitandikia mkeka barazani. Mama alitaka kuvimwagia ndoo ya maji na sabuni ya unga, Felista akamzuia, akisema maji yakizama kwenye sponji tutakuwa tumeuhamisha ukungu kutoka juu kwenda ndani. Kwanza tulijifunga khanga puani tukausugua ukungu ukiwa mkavu, kwa brashi laini ya nguo, kufuata mwelekeo wa nyuzi. Halafu siki iliyochanganywa na maji, ikapangusiwa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, na kabla ya hapo Felista aliijaribu chini ya kiti mahali pasipoonekana, kama rangi itatoka. Haikutoka. Nilipewa kazi ya povu. Nilikuwa napiga sabuni kwenye beseni mpaka povu linasimama lenyewe, nao wanachukua povu peke yake, bila maji, wanalipaka na kulipangusa. Uani kote kulinuka siki na sabuni ya kipande, na kila kitambaa kilichopita kiliacha mstari unaong’aa nyuma yake. Ule wekundu! Sikuwa nimewahi kuuona. Tulikuwa na vitu hivyo mwaka mzima ndani ya gari letu na hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua rangi yake.

Mjomba alitaka kuvianika juani vikauke upesi, Felista akasema jua litaifubaza michoro, viwekwe kivulini penye upepo. Lakini upepo wa Morogoro ukitoka mlimani unakuja na mvua, kwa hiyo tulikuwa watu wa kuingiza na kutoa, kuingiza na kutoa, na feni ya sebuleni ikahamishwa ikawa ya viti. Ile sehemu iliyooza Felista aliishona mwenyewe kwa uzi mwekundu wa kufumia vitambaa, mshono mdogomdogo uliofuata mstari wa mchoro. Ukikitazama kwa makini ulionekana. Mjomba alikipitisha kidole pale mara nyingi, na sikumsikia tena akisema kitambaa kimeharibika.

Jumamosi tukaondoka, Mjomba na Felista mbele, mimi nyuma, madirisha yote wazi. Nilikalia kitambaa kwa mara ya kwanza na kilinishika, kama Mjomba alivyokuwa akisema siku zote. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, njia inateleza, na mara mbili Felista na mimi tulishuka ili gari lipite mahali pabaya, kisha tukapangusa miguu yetu kwa majani mpaka ikawa safi kabla ya kupanda. Hakuna aliyetuamuru. Tulikuwa tumekaribia Matombo. Mjomba alikuwa ananong’ona maneno ya kuomba radhi, anayakosea, anaanza upya.

Mzee Mkude hakuwa nyumbani, alikuwa shambani. Mkewe alitukaribisha kwa uso wa mtu aliyeambiwa asikaribishe, akatuma mtoto akamwite. Tulisimama kando ya gari kwa sababu hakuna aliyethubutu kukaa. Watu wakaanza kujikusanya, wengi wao walewale wa Jumapili, na nikaona wengine wanajiuma midomo. Ndipo mzee akatokea kwenye njia ya mteremko, na jembe begani. Alikuwa ametoka kulima udongo uliolowa. Suruali ilikuwa ya matope mpaka mapajani, mabuti yamebeba udongo mwekundu, mikono hivyohivyo, na mgongoni alikuwa na tope la mahali alipoanguka au alipoegemea.

Sote watatu tukamwamkia kwa mpigo. Mjomba akaanza ile hotuba yake. Mzee alimwinulia mkono anyamaze, akaenda mpaka kwenye mlango wa abiria, akaufungua mwenyewe, akachungulia. Alivitazama vile viti muda mrefu. Vilikuwa vizuri, siwezi kuwaambia vilikuwa vizuri kiasi gani, vyekundu na bluu na vyeupe, na ule mshono wa Felista. Aliutia jicho huo mshono pia.

Mkewe akamwita kutoka mlangoni, kwamba maji ya kuoga yapo tayari na nguo ameshatoa. Mzee akajibu bila kugeuka kwamba ataoga akirudi. Halafu akanyooka, amejaa matope, akamtazama Mjomba Pius usoni na kungoja.

Hata mimi nilielewa, na nilikuwa mtoto wa darasa la kwanza. Kila mtu pale alielewa. Felista alikuwa na khanga begani, ya kutosha kabisa kutandika kwenye kiti, na nilimwona anaikamata na kuishikilia palepale, haitoi. Nilimtazama Mjomba. Nilitaka kumpigia kelele, nilitaka kumsukuma, nilimwomba Mungu na watakatifu wote niliowajua majina. Macho yake yalikwenda kwenye matope, yakaenda kwenye kiti, yakaenda kwa Felista, na yakabaki kwa Felista.

“Mzee,” akasema, “karibu ukae.”

Akamshikia mlango. Mzee Mkude aliingia na mabuti yake na udongo wake wote, akajitupa kwenye kiti, akaegemea mpaka mwisho, akajisogeza huku na huku kama mtu anayejitafutia mahali pa kulala. Kitambaa kilimshika. Sikusikia sauti yoyote. Nilikuwa nimeshapenya nyuma, na Felista naye akajikunja kando yangu kwenye kijikiti, magoti kidevuni, akanishika mkono akaubana mpaka vidole vikaniuma.

Mjomba alikaa nyuma ya usukani, akawasha gari, likanguruma. Machozi yalikuwa yamemjaa. Akauliza kwa upole mzee apelekwe wapi.

“Kwa padre,” akasema Mzee Mkude, huku anapangusa uso kwa mkono wa matope. “Twende tukaandikishe ndoa kabla hajalala mchana. Na uendeshe vizuri, kijana, leo sitelezi.”

Kelele niliyoipiga ilisikika mpaka parokiani, na mzee hakunikemea.